Nasikia fujo tupu kwenye hedifoni: je, kulinganisha biti kwa sikio ni kipaji?

*"Habari mtaalamu. Nina miezi mitatu sasa tangu nipate deki mbili za santuri na miksa ndogo, najifunza mwenyewe nyumbani. Sitaki mambo ya kuskrachi, nataka tu nyimbo ziingiane bila mtu kushtuka. Shida yangu nikiweka nyimbo mbili pamoja kwenye hedifoni nasikia fujo tupu, sijui ipi inakimbia ipi inachelewa. Nasogeza pichi juu, nasogeza chini, mara zinakaa sekunde kumi afu zinaachana. Nimeandika BPM za santuri zangu zote kwenye karatasi lakini hata nikilinganisha namba bado zinaachana. Rafiki yangu anasema sikio la muziki mtu anazaliwa nalo, niache tu ninunue mashine yenye sinki, ile inayolinganisha biti yenyewe. Na siku hizi nikimaliza mazoezi masikio yanalia wiii mpaka nalala. Niendelee au ndo sina kipaji?"*

Ndugu yangu, naanza na hicho ulichokitaja mwishoni kabisa kama vile ni kitu kidogo, masikio kulia wiii mpaka unalala. Hicho si kidogo. Nitakirudia kwa urefu huko chini, ila leo hii kabla hujagusa deki tena punguza sauti ya hedifoni, ipunguze mpaka uone kama imekuwa ndogo mno, afu fanyia mazoezi hapo hapo. Na utashangaa kwamba hiyo peke yake inaweza kukusaidia kusikia biti vizuri zaidi, sababu zake ntaeleza.

Sasa tuje kwenye biti. Umeandika zinakaa sekunde kumi afu zinaachana, na umeandika kama ushahidi kwamba umeshindwa, mimi nimeisoma kinyume kabisa. Hebu tupige hesabu kidogo. Wimbo wa BPM 120, yaani biti 120 kwa dakika, una biti moja kila nusu sekunde, milisekunde 500. Kama wimbo wa pili uko 121 basi kila dakika moja utakuwa umeuacha ule wa kwanza kwa biti nzima moja, si ndo maana yenyewe ya BPM, biti moja ya ziada kwa dakika. Tofauti ikiwa nusu BPM itachukua dakika mbili kuachana biti nzima, na kwenye zile sekunde kumi za mwanzo zitakuwa zimeachana sehemu moja tu ya kumi na mbili ya biti, kama milisekunde 40 hivi, na hapo sikio la mtu yeyote linakuwa limeshashtuka kwamba dundo zimekuwa mbili. Kwa hiyo wewe unayeshika sekunde kumi uko ndani ya nusu BPM, yaani umekosea kwa kama 0.4% tu. Kama slaida yako ya pichi, ile ya kuongeza au kupunguza spidi ya santuri, ina urefu wa sentimita 10 kutoka asilimia -8 mpaka +8, hiyo 0.4% ni milimita mbili na nusu. Umebakiza milimita mbili na nusu! Mtu asiye na sikio hafiki hapo, angekuwa anapotea ndani ya sekunde moja mbili.

Na kuhusu hilo la kuzaliwa nalo, rafiki yako nadhani anakutakia mema lakini amechanganya vitu viwili. Kuna watu wanaweza kusikia noti moja wakakuambia hii ni noti gani bila kifaa chochote, hicho kweli ni kitu cha wachache, ila hakihusiani kabisa na hiki unachojifunza. Kulinganisha biti hakukuhitaji ujue noti hata moja. Kunahitaji uwezo wa kusikia kama vitu viwili vimetokea pamoja au vimepishana, na huo unao, nasema unao kwa sababu umesema unasikia fujo. Sikio lisilofanya kazi lisingesikia fujo, lingesikia muziki tu. Kinachokosekana kwako ni kuipa hiyo fujo jina, kujua fujo hii ni ya aina gani na mkono ufanye nini. Hiyo inafundishika, nimeiona ikiingia kwa watu wa kila aina, wengine walikuja wakiwa hawajawahi kushika hata kayamba.

Tena fikiria walioanza. Francis Grasso, DJ wa New York mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, anatajwa sana kama mmoja wa watu wa kwanza kuunganisha nyimbo biti kwa biti klabuni akitumia hedifoni, na nyimbo zenyewe zilikuwa zimepigwa na watu kwa mikono, mpiga dramu akipandwa na mzuka kwenye kiitikio anaongeza kasi bila kujua. Hakukuwa na skrini ya kumwambia chochote. Deki ya Technics SL-1200 yenyewe ilitoka 1972, na ile MK2 yenye slaida ndefu ya pichi ambayo madj wengi wameikulia ni ya 1979. Watu walikuwa wameshaanza kabla ya hapo.

Haya, sasa kiini cha jibu langu, na hapa nakuomba usome taratibu maana ndipo wengi wanapokwama miezi na miezi.

Kuna makosa mawili tofauti na wewe unayasikia kama kosa moja. La kwanza ni la spidi, la pili ni la nafasi. Chukulia watu wawili wanatembea sakafu ngumu na viatu vinavyolia. Wanaweza wakawa na mwendo sawa kabisa ila mmoja anaweka mguu chini kidogo baada ya mwenzake, utasikia ta-tak, ta-tak, ta-tak, na hiyo ta-tak haibadiliki, itabaki hivo hivo mpaka wafike mwisho wa korido. Hao spidi yao iko sawa, nafasi ndo imekosewa. Sasa chukua wengine wawili, wameanza kuweka mguu pamoja kabisa, tak, tak, tak, afu polepole inakuwa t'tak, afu ta-tak, afu taa-tak, mpaka mmoja anakanyaga katikati ya hatua za mwenzake. Hao spidi ndo tofauti. Kila kosa lina dawa yake. La nafasi unalitibu kwa kusukuma santuri kidogo mbele au kuibana kidogo irudi nyuma, mara moja, afu unaachia. La spidi unalitibu kwa slaida ya pichi tu. Ukitibu nafasi kwa pichi unaharibu spidi ambayo pengine ilikuwa sawa, na ukitibu spidi kwa kusukuma utasukuma usiku kucha. Wewe nikisoma maelezo yako naona unasogeza pichi juu na chini kwa kila kitu, yaani hata pale ambapo umeiachia santuri imechelewa kidogo tu mkono unakimbilia pichi. Hapo ndo fujo inapozaliwa, kwa sababu kila ukisogeza unaanza hesabu upya bila kujua ya mwanzo ilikuwa inasemaje.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, ukiachia santuri usiguse pichi. Achia kwenye moja, yaani biti ya kwanza ya hesabu, sukuma au bana mpaka dundo zikae pamoja, afu TOA MKONO, hesabu biti nane au kumi na sita ukiwa umetulia. Ngoja. Ikikaa vile vile, umemaliza. Ikianza kuteleza, sasa una taarifa, ni spidi.

Na sheria ya pili, ambayo kwangu ndo ya muhimu kuliko zote, acha kuliuliza sikio "ipi inakimbia?" Hilo ni swali gumu mno kwa anayeanza, manake dundo mbili zikiachana milisekunde 30 sikio linajua zimeachana lakini halijui kirahisi ya nani imetangulia, hasa kama nyimbo zenyewe hujazizoea. Hata wazoefu saa ingine hawajui. Wanachofanya wazoefu ni kuuliza kwa mkono. Wanaisukuma santuri mbele kidogo, kidogo tu, wanasikiliza, imekuwa nzuri au imekuwa mbaya zaidi? Ikiwa nzuri maana yake ilikuwa nyuma. Ikiwa mbaya ilikuwa mbele, basi wanaibana, inarudi. Swali la nzuri au mbaya linajibiwa na mtu yeyote. Ukilifanya mara elfu moja, kuna siku utagundua mkono umeshakwenda upande sahihi kabla hujauliza, na watu watakuangalia waseme huyu amezaliwa nalo.

Sasa mkono ukishakuambia, pichi inafuata. Kama imekubidi usukume mbele, zikakaa, baada ya sekunde kumi ukasukuma mbele tena, basi santuri hiyo ni ya polepole, pandisha pichi. Kama unabana bana kila mara, shusha. Ni hivo tu, mkono ukisukuma upande mmoja mara mbili mfululizo, pichi iende upande huo huo.

Iende kiasi gani? Hapa watu wanaogopa, wanasogeza kanukta, wanasikiliza, kanukta kengine, wimbo unaisha. Usifanye hivo. Sogeza kwa ujasiri mpaka upitilize makusudi. Kwa mfano uko 0 na umegundua ni ya polepole, peleka +4. Sasa imekuwa ya haraka? Vizuri sana, jibu liko kati ya 0 na 4, nenda 2. Bado polepole? Liko kati ya 2 na 4, nenda 3. Kila mara unakata nusu. Kwa hatua nne tano umeshaingia ndani ya robo asilimia, wakati yule wa kanukta bado anatangatanga hajui hata kama anaelekea sawa. Kupitiliza si kosa, ndo kunakuonyesha ukingo uko wapi.

Mazoezi ya kuanzia, kama unaweza kupata, ni santuri mbili zinazofanana kabisa, nakala mbili za wimbo mmoja. Weka deki zote pichi 0, anzisha moja, afu anzisha ya pili kwenye moja ile ile na uisukume mpaka zikae. Zikikaribiana sana, milisekunde chache tu, utasikia kitu cha ajabu, sauti inakuwa kama inapita ndani ya bomba, inazunguka, inapwaya kama ndege inapita juu. Hiyo inatokea kwa sababu sauti mbili zilezile zikipishana kidogo sana baadhi ya masafa yanafutana na mengine yanaongezeana. Ukiisikia hiyo jua uko juu ya mstari. Hapo hujagusa spidi kabisa, unajifunza nafasi peke yake, mkono unajifunza uzito wa sahani, ile inayozungusha santuri. Ukishazoea siku kadhaa, mwambie mtu akuvurugie pichi ya deki moja, afunike ile slaida na kitambaa, wewe uitafute kwa kukata nusu bila kuangalia. Huna mtu? Vuruga mwenyewe umefumba macho. Nakala moja tu unayo? Tafuta santuri mbili za mtindo mmoja zilizotengenezwa na dramu mashini, zenye dundo kila biti na mwanzo mrefu wa ngoma tupu bila kuimba. Zile nyimbo za zamani za disko na fanki zilizopigwa na watu ziache kwanza, nzuri mno lakini tempo inapanda na kushuka ndani ya wimbo, utadhani umekosea kumbe ni mpiga dramu anapumua.

Kuhusu kusikia fujo tupu kwenye hedifoni. Mara nyingi fujo inatokana na mambo mawili. La kwanza sauti hazilingani, wimbo mmoja mkubwa unaumeza mwingine, sasa utalinganishaje na kitu usichokisikia. Kabla ya chochote weka zote mbili zifanane ukubwa. La pili unajaribu kusikiliza muziki wote, gitaa, sauti, besi, kinanda, vyote mara mbili. Hapana. Chagua kitu kimoja kwenye kila wimbo. Anza na dundo, ile ngoma nzito ya chini, ukitafuta nafasi kwa ukaribu, afu hamia kwenye vitu vikali vya juu, kofi, snea (ngoma ndogo kali), hai-hati (yale matoazi madogo). Dundo lina mwili mnene linavimba kidogo, mwanzo wake si rahisi kuushika, lakini hai-hati ni kama ncha ya sindano, zikiachana kidogo tu unasikia ts-ts badala ya ts. Kwenye miksa yako kama ina vizungusho vya besi, jaribu kupunguza besi kwenye wimbo mmoja wakati wa mazoezi, utaona ukungu unaondoka.

Na hapa ndo nikuambie kwa nini sauti ndogo inasaidia. Sauti za chini zikiwa kubwa zinafunika zile za juu, na kadiri unavyoongeza ukubwa ndo zinavyozidi kufunika, sikio lenyewe ndo limeumbwa hivo. Kwa hiyo ukiongeza volyumu ili usikie zaidi, unaongeza dundo lililofunika hai-hati ambayo ndo ungeitumia. Unajifukuzia dawa.

Jinsi ya kuvaa, kuna shule mbili. Wengine wanavaa hedifoni sikio moja, wimbo unaoingia, na sikio lingine wanaliacha wazi lisikilize spika. Wengine wanachanganya nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni. Anza na ya pili maana yote mawili yanafika sikioni wakati mmoja, afu jifunze ya sikio moja ukishatulia. Ukitumia sikio moja kumbuka sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo spika iliyo mita 10 kutoka kwako inakuchelewesha milisekunde 29 hivi. Utalinganisha vizuri kabisa na watu kule mbele watasikia ta-tak. Ndo sababu madj wanang'ang'ania spika ya karibu nao, si maringo. Chumbani kwako haitakusumbua, ila siku ukialikwa ukumbi mkubwa ukakuta hakuna spika ya DJ, changanya ndani ya hedifoni.

Kitu kingine kinachowachanganya watu. Saa ingine dundo zimekaa pamoja kabisa na bado inasikika vibaya, mtu anarudi kuvuruga pichi iliyokuwa sahihi. Angalia kofi. Kwenye muziki mwingi wa dansi kofi au snea linaanguka kwenye biti ya pili na ya nne. Ukiachia santuri biti moja mbele, madundo yatakutana lakini kofi la wimbo mmoja litaanguka pale ambapo mwingine hauna, utasikia kofi kila biti, pa pa pa pa. Hiyo wala si spidi wala si ile nafasi ndogo ya kusukuma, umeingilia biti isiyo yako. Irudishe uachie upya. Jizoeze kuhesabu nane nane, na ukisikia kitu kipya kimeingia kwenye wimbo, sauti au ala, hapo mara nyingi ndo moja ya fungu jipya, achia hapo. Nyimbo nyingi zinajipanga kwa mafungu ya biti 16 au 32, ukiachia kwenye moja ya fungu hata mabadiliko ya nyimbo yatakutana yenyewe.

Ile karatasi yako usiitupe, ni kazi nzuri, ila ielewe. Namba ya karatasi ni ya kukuambia uanzie wapi. Umeandika 124 lakini wimbo pengine ni 124.4, hiyo 0.4 tu inatosha kuziachanisha milisekunde 48 ndani ya sekunde 15. Na slaida nazo hazisemi ukweli mtupu, ile alama ya +2 inaweza kuwa 1.8 au 2.1, na kwenye deki kadhaa karibu na sifuri kuna sehemu slaida inagota, kasi haibadiliki kabisa mpaka uitoke, hapo ni pagumu kufanyia kazi kidogo kidogo. Hesabu ya kuanzia ni rahisi, kutoka 122 kwenda 124 ni ongezeko la 2 juu ya 122, karibu 1.6%, weka hapo afu sikio limalizie. Usichague nyimbo zilizo mbali sana pia, kwa slaida ya asilimia 8 wimbo wa 120 unafika 110 mpaka 130 kasoro kidogo, ila kwenye santuri ukibadilisha spidi na sauti inapanda au kushuka, ukiongeza kama 6% umeshapandisha nusu toni nzima, mwimbaji anaanza kusikika kama mtoto. Mimi napenda kukaa ndani ya asilimia 3 au 4 pande zote.

Na wakati wote wa kurekebisha, rekebisha ile inayoingia, ile iliyoko kwenye hedifoni yako peke yako. Ile ambayo watu wanaisikia iache, manake ukiisukuma sauti inayumba na kila mtu ukumbini ataisikia.

Kabla hujajilaumu zaidi, kagua mashine. Umesema deki mbili lakini hujasema za aina gani. Zipo zinazozungushwa na mkanda na zipo ambazo mota iko chini ya sahani moja kwa moja. Za mkanda nyingi nguvu yake ni ndogo, ukiachia santuri inachukua muda kufika spidi, na ukiigusa inapungua na kuchelewa kurudi. Kulinganisha kwenye hizo inawezekana, ila unajifunza mambo mawili magumu kwa wakati mmoja na mimi sipendi mtu ajione hana kipaji kwa sababu ya mkanda uliolegea. Kama deki yako ina zile nukta ubavuni na taa, weka pichi 0, angalia mstari wa nukta za sifuri, zinatakiwa zionekane zimesimama. Zikitembea polepole kwenda upande mmoja spidi haiko sahihi lakini imetulia, unaweza kuishi nayo. Zikisita mara mbele mara nyuma, hiyo inahitaji fundi, na hakuna sikio litakaloishinda. Pia kuna santuri ambazo tundu la katikati halikutobolewa katikati kabisa. Kwa spidi ya 33⅓ santuri inazunguka mara moja kila sekunde 1.8, kwa hiyo ukiona wimbo unayumba taratibu kila baada ya muda huo, na mkono wa sindano unacheza kushoto kulia, kosa ni la santuri. Iweke pembeni.

Sasa sinki. Sitakudanganya kwamba ni haramu. Mtu anayepiga harusi kila wiki, ana nyimbo kwenye kompyuta, anatakiwa asikilize maombi ya watu na mshereheshaji kwa wakati mmoja, sinki inampunguzia mzigo na wasikilizaji hawajali. Ina manufaa yake. Lakini sinki inafuata gridi, yaani ramani ya biti ambayo programu imeikisia, na ikikisia vibaya, hasa nyimbo zilizopigwa na watu, itakuunganishia fujo kwa ujasiri kabisa, na asiye na sikio atabaki anaangalia skrini inayosema ziko sawa. Na kwa santuri za kawaida ulizonazo hakuna sinki ya kukuokoa, kwa hiyo kama unapenda santuri, na naona unazipenda maana hakuna mtu anaandika BPM za santuri zake zote kwa mkono kama hazipendi, basi hii njia ndo njia. Ningekushauri usinunue chochote sasa. Jipe miezi mitatu mingine kwa mtindo huu mpya, dakika 20 au 30 kwa siku, siku nyingi za muda mfupi zinashinda Jumapili moja ya saa tano. Ukichoka sikio linaacha kutofautisha, utaondoka umejifunza makosa.

Nirudi kwenye masikio. Mlio wa wiii baada ya kelele ni seli za ndani ya sikio zinazolalamika kwamba zimezidiwa. Mara nyingi unaisha wenyewe, lakini wewe unaupata kila mazoezi, na seli zile zikifa hazioti tena. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya watu kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, 88 ni saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 umebakiwa na robo saa tu. Hedifoni nyingi za DJ zinaweza kuvuka 100 bila shida. Kwa hiyo kama sikioni kunafika huko na unafanya saa mbili, umepita kikomo mara nane. Shusha sauti, pumzika dakika kumi kila baada ya nusu saa, na siku ukisikia mlio usivae hedifoni mpaka uishe kabisa.

Nenda kwa daktari wa masikio, na ana kwa ana, kama mlio haujaisha baada ya siku moja au mbili, au unalia sikio moja tu, au unaona watu wanaongea kama wako nyuma ya ukuta, au kuna kizunguzungu. Na kama sikio moja limepoteza usikivu ghafla, hata bila maumivu, hiyo ni dharura, nenda siku hiyo hiyo, usingoje wiki iishe maana kuna matibabu yanayofanya kazi vizuri yakianza mapema. Hata ukiwa huna dalili hizo mimi ningekuomba upime usikivu mara moja sasa, upate kipimo cha kulinganishia baadaye.

Kwa upande wa biti, tafuta mtu wa kukaa naye kama baada ya wiki nne za kufanya hivi, umetoa mkono, umehesabu, umekata nusu, bado huwezi kusema kama ni spidi au nafasi. Saa moja na DJ wa santuri aliyesimama pembeni yako inatosha sana, na usimwombe akuonyeshe jinsi anavyopiga yeye. Mwombe aweke mkono wake juu ya wako wakati unasukuma sahani. Wengi wanaosumbuka wanasukuma kwa nguvu mara tatu zaidi ya inavyotakiwa, wanavuka mstari bila kuusikia, na hilo mtu hawezi kuelezwa kwa maandishi, ni lazima vidole vihisi wepesi wenyewe.